Benki Iliyofiwa

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana waliokuwepo mpaka leo bado wanalipa, palikuwa na nchi. Jina lake lilikuwa zuri, ila halitajwi. Serikali ililiweka rehani mwaka wa ukame, na anayelitaja bila kibali anatozwa faini. Wenyeji wakazoea kusema "hapa kwetu" tu, basi. Hata wimbo wa taifa ulirekebishwa: ikifika pale penye jina, watu wanaguna, mmh, halafu wanaendelea kuimba kwa moyo wote.

Katika nchi hiyo, kwenye mtaa unaoitwa Kwa Mfinyanzi, alikuwepo mwanamke anaitwa Kidawa. Mpole, sauti ndogo, mtu ambaye ukimkanyaga kwenye foleni yeye ndiye anayekuomba radhi. Mumewe alishafariki, mtoto hakujaliwa, akawa anaishi na kaka yake Shomari, fundi baiskeli, pamoja na binti wa Shomari, Sikitu. Kidawa alikuwa mtunza vyombo wa chama cha kufa na kuzikana. Kwenye chumba cha uani alikuwa na turubai kubwa la kijani, mikeka, viti vya plastiki, masufuria ya kupikia wali wa watu wengi, na sanduku la bati la michango. Akifa mtu Kwa Mfinyanzi, awe anacho au hana, turubai linafungwa, sanda inanunuliwa, wali unapikwa, na aliyefiwa haulizwi chochote isipokuwa kama amekula. Na mtu akizidiwa na ugonjwa, humo humo sandukuni ndimo anamokopeshwa ya hospitali.

Shomari ndiye aliyekuwa anatangaza misiba. Anapanda baiskeli yake, anazunguka mtaa mzima akiita kwa sauti inayotingisha mabati. Walikuwa wanataniana na dada yake.

"Mungu alipogawa sauti, Kida, mimi nilichukua mpaka fungu lako."

"Chukua tu, kaka. Mimi ningeipeleka wapi?"

Barabara Kwa Mfinyanzi haikuwepo. Maji yalikuwa ya ahadi. Lakini kuzikana walijua, na hilo hakuna mtaa uliowazidi.

*

Mjini kulikuwa na Benki ya Fadhila. Benki hii ilikuwa na huruma isiyo ya kawaida. Iliwakopesha wakurugenzi wake, ikawakopesha wake za wakurugenzi, ikamkopesha farasi wa mkurugenzi mmoja kwa dhamana ya farasi mwenyewe, na mwisho ikaikopesha kampuni iliyosema inasafirisha kivuli kwenda nchi zenye joto. Kivuli kikapakiwa kwenye makontena kwa uangalifu mkubwa. Makontena yalipofunguliwa huko yalikotumwa, kivuli hakikuonekana. Kampuni ikasema labda kilivuja njiani.

Benki ikabaki tupu, inapiga mwangwi. Waziri wa Hazina akaita washauri wake.

"Tuongeze kodi," akasema mmoja.

"Wataikwepa."

"Tukope nje."

"Tutaweka nini rehani? Jina limeshakwenda."

Wakanywa chai. Ndipo mshauri mmoja, aliyekulia mitaani kabla ya kusahau, akainua kidole. "Mheshimiwa, watu wa hapa kwetu kodi wanakwepa, ushuru wanakwepa, hata salamu wengine wanakwepa. Lakini umeshawahi kuona mtu anakwepa msiba?"

Waziri aliweka kikombe chini taratibu. Kesho yake akawa redioni, sauti inatetemeka.

"Ndugu wananchi! Kwa masikitiko makubwa nawatangazia kwamba Benki yetu mpendwa imefiwa. Imefiwa na Mtaji wake, aliyefariki ghafla akiwa ofisini, katikati ya ujenzi wa taifa. Benki ni ndugu yetu, ni mwenzetu, ni damu yetu. Kuanzia leo, kwa amri, Benki ni mwanachama wa kila chama cha kufa na kuzikana nchi nzima. Nendeni mkazike!"

Kwa Mfinyanzi watu walitazamana. Halafu, kwa kuwa msiba ni msiba, wanaume wakaenda kwa Kidawa kuchukua turubai.

*

Mkurugenzi Mkuu wa Benki alikuja mwenyewe. Anaitwa Ruhundwa, mnene wa wastani, amevaa miwani myeusi ya kufiwa. Akakalishwa mkekani, viatu vyake vikabaki mlangoni vinang'aa kuliko taa ya mtaa. Watu wakamsogelea kama wanavyomsogelea mfiwa yeyote.

"Pole sana, baba," akasema Bi Mashavu. Huyu ndiye mzee kuliko wote mtaani, amebaki na meno ya kuchekea tu. "Marehemu aliumwa nini?"

"Ghafla tu, bibi."

"Masikini! Na alikuwa na nani wakati anakata roho?"

"Alikuwa na sisi wakurugenzi."

"Mlikuwa naye wote?"

"Kila mmoja alikuwa na kipande," akasema Ruhundwa, akafuta jicho.

"Na mwili uko wapi tuuoshe?"

Hapo Mkurugenzi akakohoa. "Mwili wa marehemu uko nje ya nchi. Uko visiwani huko, mahali penye utulivu. Familia imekaa, ikaamua usirudishwe."

Bi Mashavu akatikisa kichwa. Kuzikwa ugenini, mbali na watu wako, ni jambo la kuumiza. Akaanza kulia, na wanawake wengine wakapokea. Kidawa naye alilia. Alikuwa hamjui Mtaji, hakuwahi kumwona hata kwa mbali, lakini alimwonea huruma kwa kulala peke yake visiwani.

Kabla ya kutoa rambirambi, ikafanyika kawaida ya chama. Mwanachama mpya anaulizwa mbele ya watu wote, na anajibu mbele ya watu wote. Shomari ndiye aliyeuliza.

"Ndugu Benki, leo tumekusanyika kwenye msiba wako. Na sisi tukifiwa, utakuja?"

"Nitakuja."

"Utakuja na mikono mitupu?"

"Nitarudisha kwa heshima kama nilivyopokea, na zaidi," akasema Ruhundwa, na alisema vizuri, watu wakaguna kwa kuridhika. "Benki haisahau."

Basi wakatoa. Sanduku la bati likafunguliwa, likainamishwa, likapigwa kitakoni ili kilichoganda kitoke. Walipomaliza, vijana wa Benki wakasema Mtaji alikuwa mtu mkubwa, msiba wake utakuwa mrefu, kwa hiyo wataazima na turubai. Na mikeka. Na viti. Na masufuria.

"Mtarudisha lini?" akauliza Kidawa kwa sauti yake ile.

"Eti?"

"Nauliza, mtarudisha lini vyombo?"

"Matanga yakiisha, mama. Usiwe na wasiwasi, sisi ni ndugu."

*

Matanga ya Mtaji hayakuisha. Lakini Benki ilipata nafuu, tena nafuu ya kushangaza. Ilinenepa, ikajengewa jengo jipya la vioo vitupu, ukipita mbele yake unajiona mwenyewe unavyochoka. Ikawashukuru wananchi kwa bango kubwa barabarani: TUKO PAMOJA. Chini ya bango, kwa herufi ndogo, kulikuwa na onyo kwamba kusimama kwenye kivuli cha bango ni kosa.

Siku moja Kidawa alikwenda mjini kununua uzi, akapita pale. Kwenye maegesho ya magari ya wakurugenzi aliliona turubai la kijani, limefungwa juu ya magari yasiungue na jua. Mlangoni, kulia na kushoto, yamewekwa masufuria ya chama, yamejazwa udongo, yamepandwa maua. Moja lilikuwa na mkono uliochomelewa. Alilijua. Shomari ndiye aliyelichomelea, msiba wa fundi Mkude, mvua inanyesha.

Alisimama akalitazama, halafu akamfuata askari wa mlangoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama, hapa huruhusiwi kusimama."

"Samahani. Lile sufuria ni la kupikia."

"Lile ni mali ya Benki, mama."

"Najua. Nasema tu, mkilimwagia maji kila siku litaoza kitako. Lipakwe majivu."

Akaomba radhi tena, akaondoka.

*

Mvua za mwaka ule zilipoanza, kifua kilimbana Shomari. Mwanzo alikohoa akiwa kazini, halafu akawa anakohoa amekaa, halafu akalala. Mganga wa zahanati akasema apelekwe hospitali kubwa haraka. Kidawa akaenda chumba cha uani, akafungua sanduku la bati ingawa alijua lilivyo. Akalifunga.

Watu walihangaika, walileta walichokuwa nacho. Huyu mayai, yule ndizi, mwingine nauli ya kwenda bila ya kurudi. Hospitali kubwa wakamwandikia dawa, dawa zikawa za kununua, wakarudi nyumbani na karatasi.

Shomari sauti ilikuwa imekwisha. Ikabidi Kidawa ainame ndiyo amsikie, yeye aliyezoea kuinamiwa.

"Kida."

"Naam, kaka."

"Siku yangu ikifika, usinililie kama ulivyomlilia yule Mtaji."

"Nilimliliaje?"

"Ulilia mno. Mumeo mwenyewe hukumlilia hivyo."

Kidawa akacheka, machozi yakamtoka. "Nilimwonea huruma, yuko peke yake."

"Yule hayuko peke yake," akasema Shomari, akapumua kwanza. "Yuko na wenzake huko, wanastarehe. Sisi ndio tuko peke yetu."

Alikata roho alfajiri ya Jumatatu, Sikitu amemshika miguu.

*

Vijana wakagawana nyumba za kupeleka taarifa, maana mtangazaji ndiye huyo amelala. Walipomaliza kupanga, Kidawa akauliza: "Na Benki nani anakwenda?"

Wakamtazama.

"Shangazi," akasema Sikitu, "Benki unaiambia nini?"

"Ni mwanachama. Aliulizwa, akajibu. Mwanachama asipoambiwa, lawama ni yetu. Akiambiwa asije, lawama ni yake." Akajifunga khanga yake, akaenda mwenyewe.

Ndani ya Benki kulikuwa na baridi. Alipanga foleni nyuma ya watu waliokuja kuomba fedha zao na kuambiwa zimelala. Zamu yake ilipofika alikuta binti mdogo dirishani, kifuani ana kadi imeandikwa Asteria.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

"Nimeleta taarifa ya msiba. Mwambieni Benki kwamba Shomari, fundi baiskeli wa Kwa Mfinyanzi, amefariki. Tunazika leo baada ya alasiri."

"Pole sana, mama. Alikuwa na akaunti kwetu?"

"Hapana."

"Alikuwa na mkopo?"

"Hapana, nyie ndio mlikuwa na mkopo kwake."

Asteria akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mama, hii taarifa sina pa kuiingiza. Nikiandika marehemu, mashine inauliza mrithi. Nikiandika msiba, inauliza dhamana."

"Usiandike. Mwambie kwa mdomo tu."

"Nimwambie nani, mama? Benki siyo mtu."

Kidawa alifikiri kidogo. Hakuwa anabishana, alitaka kuelewa. "Siyo mtu? Mbona alifiwa?"

Asteria akashusha macho kwenye mashine yake.

"Nitawaambia," akasema taratibu.

*

Walimzika Shomari mvua ikinyesha. Turubai hakuna, wanawake wakashika khanga pembe nne, wakipokezana mikono ikichoka. Sanda ilipatikana kwa watu kukatwa ujira wa vibarua vyao. Wali hakuna. Ilichemshwa chai ya rangi kwenye visufuria vya majumbani, kila kimoja na ladha yake. Kila gari lililosikika barabarani, Kidawa aliinua kichwa. Magari yakapita.

"Watakuja," akawa anasema. "Labda wamekwama kwenye tope."

"Wamekwama, mwanangu," akajibu Bi Mashavu, akimfuta maji usoni. "Wamekwama vibaya sana hao."

Bi Mashavu mwenyewe alikuwa hawezi kukaa vizuri, miguu imevimba. Walimlaza pembeni ya Kidawa. Akawa anahesabu kwa vidole, taratibu, kisha akasema kama anaongea na mvua: "Sasa mimi nitazikwa na nini?"



*

Bahati ya Benki ni kwamba haikosi pa kutokea. Wiki zile zile wakubwa wa nje, wale walioshika jina la nchi, waliandika kuuliza: wananchi waliiokoa Benki, je, Benki imewarudishia nini? Wakataka jibu kabla ya kikao. Wizara ya Hazina ikapekua makabati yote, haikupata kitu. Ndipo mtu akakumbuka kuna mama alikuja dirishani na habari ya msiba.

"Huyo huyo!" akapiga kelele Waziri. "Benki inakwenda msibani! Kurudisha ndiko huko!"

Bunge likaitishwa jioni hiyo, likapitisha Sheria ya Kupoa, wabunge wakiwa wamesimama ili wasichelewe chakula. Sheria ilikuwa fupi: Benki ikienda kumpa pole mwananchi mmoja aliyefiwa, na mwananchi huyo akajibu "nimeshapoa", kama kawaida ya watu wastaarabu, basi taifa zima litahesabiwa limepoa, na Benki haitadaiwa na mtu yeyote kitu chochote milele.

Siku ya arobaini ya Shomari, Kwa Mfinyanzi kukaingia msafara. Yalikuja magari, yakaja maredio, wakaja watu wa kubeba waya. Turubai la kijani likashushwa, sasa lina nembo ya Benki. Masufuria yakashushwa, maua yameng'olewa asubuhi ile, udongo bado uko kwenye kingo. Mchele ukamiminwa, moto ukawashwa. Watoto wakaanza kuimba. Kidawa alipoliona lile lenye mkono wa kuchomelewa linakaa jikoni, alifurahi. Alidhani wamerudisha.

Waziri alihutubia. "Leo ni siku ya kihistoria! Kuna wanaosema Benki haina utu. Tazameni! Kiongozi mzima amekaa chini! Nchi ngapi duniani benki zake zinakaa chini?"

Makofi. Ruhundwa akasogea mkekani, akamshika Kidawa mkono kwa mikono yake miwili laini. Kipaza sauti kikaletwa.

"Mama, pole sana kwa msiba."

Kidawa aliinamisha kichwa. Maisha yake yote hajawahi kuacha salamu bila jibu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lenyewe tu, kwa mazoea.

"Sema, mama," akanong'ona Waziri kwa upole. "Ukisema tu, nyumba yako inaezekwa bati jipya. Binti huyo analipiwa shule mpaka mwisho. Vyombo vyenu ndiyo vinakuwa vimesamehewa, yaani tunavisahau wote kwa pamoja, kwa upendo."

Hapo ndipo alipoelewa. Vilikuja kupika tu, na kurudi.

"Shangazi," Sikitu akamvuta khanga. Nyumba yao ilikuwa inavuja juu ya kitanda chake, na ada alikuwa anadaiwa. Lakini alimwangalia shangazi yake, akaachia khanga.

Kidawa akageuka kwa Bi Mashavu, aliyelazwa pale pale mkekani.

"Sema ukitaka, mwanangu," akasema bibi. "Hakuna atakayekulaumu, walahi. Una nyumba inavuja." Akatabasamu kwa meno yake yale machache. "Ila anayefuata ni mimi, unajua. Naona aibu kuwasumbua."

Mkurugenzi akarudia, sasa kwa sauti ya redio: "Mama Kidawa, kwa niaba ya Benki ya Fadhila, pole sana kwa msiba!"

"Sijapoa," akasema Kidawa.

Mtu wa waya akainua mkono. "Samahani, haikusikika. Mama, rudia kwa nguvu kidogo, tena utabasamu."

Kidawa akavuta pumzi. "Nimesema sijapoa!" akaita, na watu wa mtaa wa pili wakatoka nje kuangalia. "Kaka yangu hakukosa siku zake, alikosa dawa! Mlisema mtakuja, tukawangoja kwenye mvua! Sijapoa, na Bi Mashavu hajapoa, na nyie mnajua!"

Akashtuka kuliko wote. Hata akamwambia Ruhundwa, "Samahani, baba, sikukusudia kukupigia kelele." Lakini neno hakulirudisha.

*

Wakubwa walikwenda nyuma ya gari wakajadiliana. Serikali ya nchi hiyo haikuwahi kushindwa na neno moja. Alasiri ile ile ikamteua Mfiwa wa Taifa, mwigizaji wa michezo ya redio, mwenye sauti nzuri na mshahara. Akaletewa Ruhundwa studio, akapewa pole, akajibu, "Asante, baba. Nimeshapoa, sote tumeshapoa," na akaongeza kilio kidogo cha furaha ambacho hakikuwemo kwenye sheria. Wakubwa wa nje wakapelekewa sauti. Wakajibu kwamba wameridhika.

Kwa Mfinyanzi habari ilifika kwa simu ya dereva. Vijana wa Benki wakaanza kufungua turubai watu wakiwa bado chini yake. Masufuria yakabebwa na wali ndani, una kiini, unatoa moshi. Watoto walikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye daraja, wakarudi wanatembea.

Jua likawapiga wote waliobaki. Mikeka nayo ilikuwa imechukuliwa, watu wamekaa kwenye mchanga. Kidawa alijua wana haki ya kumkasirikia, maana chakula kimekwenda na vyombo vimekwenda, na neno lake halikuzuia hata kijiko. Akangoja waondoke.

Hawakuondoka. Mama mmoja akasogea kumkinga Bi Mashavu na jua kwa mgongo wake. Mwingine akasogea karibu na huyo. Hakuna aliyempa Kidawa pole. Walikaa naye tu mpaka jua likashuka.

*

Bi Mashavu alifariki wiki iliyofuata, mchana, bila kumsumbua mtu. Vijana wakagawana nyumba. Hakuna aliyeuliza nani anakwenda Benki. Kidawa alijifunga khanga yake, akatoka.

Kwenye vioo alijiona anavyokuja, mtu mdogo. Askari akamfungulia mlango. Akapanga foleni. Dirishani kulikuwa na kibandiko kipya: BENKI HAIDAIWI. Asteria alipomwona, hakumuuliza akaunti. Alisimama, na aliposimama kiti chake kikaanguka nyuma yake, wakubwa wa meza za ndani wakageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta taarifa. Bi Mashavu wa Kwa Mfinyanzi ametutoka. Tunazika leo baada ya alasiri."

Asteria hakuangalia kushoto wala kulia. Alianza kufungua ile kadi yenye jina lake kifuani, pini inamgomea.

"Nije na nini, mama?"

"Njoo na mkeka," akasema Kidawa. "Yetu mnayo nyie."